Tai kaupita mti mkubwa, kajenga kwenye mti wa kawaida. Anaangalia nini?

Nyayo Mbichi

Wakuu, habari za jioni. Nina swali limenikaa kichwani mwezi wa pili huu, na kila ninayemuuliza ananijibu "ndege ni ndege tu, anajenga anapopenda". Sikubali.

Mimi si mtaalamu. Nina darubini iliyokwaruzika kioo kimoja, nina daftari, nina miguu. Kwenye msitu ninaoupita kila wiki kuna jozi ya tai mwenye taji, yule tai mkubwa wa misitu ya Afrika mwenye kishungi kinachosimama akighadhibika, na kifua chenye mabaka kana kwamba amerushiwa tope. Kiota chao nilikijua mwaka jana. Ni furushi la vijiti ukubwa wa kitanda, limekaa kwenye panda ya kwanza ya mti ambao ni mnene, ndiyo, lakini si wa ajabu. Upo chini ya mteremko, jirani na kijito.

Linalonishangaza ni hili. Hatua themanini kutoka hapo (nimezihesabu) kuna jitu la mti. Watu watano hawalikumbatii. Kichwa chake kimetokeza juu ya msitu wote, ukiwa ng'ambo ya bonde unaliona hilo tu. Ningekuwa tai ningejenga pale nione dunia nzima. Wao wamelipita. Mwaka huu wameongeza vijiti kwenye kiota kilekile, hawana hata dalili ya kuhama.

Halafu upande wa pili wa bonde, kwenye miti myembamba iliyosongamana, kuna vipanga wadogo. Hao nao kila msimu wanajenga kiota kipya, mita chache kutoka kile cha zamani ambacho kwa macho yangu bado kizima kabisa! Yaani huyu haachi cha zamani, yule hataki cha zamani.

Kuna kanuni hapa au ni bahati nasibu? Ndege mbuai wa msituni anachaguaje pa kujenga?

Kanyaga Twende

Mkuu ni maji na chakula, hakuna siri. Wewe mwenyewe umesema kuna kijito. Tai anataka kunywa, tumbili wanataka kunywa, wanakutana hapo, biashara imeisha. Mengine ni kujichosha.

Mzee wa Kamba

Nyayo Mbichi, umeuliza vizuri. Kanyaga Twende naye hajakosea sana, ila ameshika mkia akadhani ameshika nyoka mzima.

Nijieleze kidogo ili ujue unamsikiliza nani. Kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu ilikuwa kupanda miti yenye viota kwa kamba, nikiwapimia watafiti: kiota kipo kimo gani, shina lina unene gani, panda ina upana gani, mti wa jirani uko umbali gani. Wao walibaki chini na makaratasi, mimi juu na siafu. Magoti yamegoma sasa, nimebaki na maneno.

Kwanza, usianze na mti. Anza na panda.

Kiota kipya cha tai mwenye taji kina upana wa mita moja na nusu hivi. Akikitumia na kukiongeza miaka mingi kinafika mita 2.5 kwa upana na hata mita 3 kutoka juu hadi kitako. Huo ni mzigo, na ukinyeshewa unakuwa mzigo juu ya mzigo. Tawi la pembeni halibebi kitu hicho hata liwe nene kama kiuno chako. Litabeba msimu mmoja, wa pili upepo utakuja kulidai. Anachotafuta ni pale shina lenyewe linapogawanyika mara tatu au nne, pakawa kama kiganja kilichofumbuliwa nusu: kiganja kinabeba, vidole vinazuia. Panda ya vidole viwili haina maana kwake, vijiti vinapenya katikati. Niliwahi kuona jozi changa ikihangaika na panda ya namna hiyo karibu wiki tatu. Chini ya mti palijaa vijiti hadi magotini, juu hapakuwa na kitu. Jike anakuja na kijiti, anakiweka, kinateleza, anainamisha kichwa kukiangalia kinavyoanguka, kisha anaruka kwenda kutafuta kingine. Nilicheka peke yangu kule porini, halafu nikamhurumia.

Sasa hayo majitu ya miti, mengi hayana panda ya kufaa kwenye kimo cha kufaa. Shina linapanda limenyooka kama nguzo, likifika juu kabisa ndipo linafungua matawi, na huko juu matawi yamelala, upepo unayatikisa na jua linachoma siku nzima. Kinda mwenye manyoya meupe ya pamba hawezi kukaa juani hivyo, mama itabidi asimame amtandazie bawa mchana kutwa asiende popote. Rudi ukaliangalie jitu lako kwa darubini. Panda ipo? Iko wapi? Ina vidole vingapi?

Pili, mlango. Tai huyu ana mabawa mafupi na mapana na mkia mrefu, umbo la kukata kona kati ya mashina. Lakini akirudi na mguu wa paa au kiwiliwili cha tumbili hawezi kujipenyeza kwenye majani kama shomoro. Anataka uchochoro. Ndiyo maana kijito kina umuhimu, Kanyaga Twende, ila si kwa sababu ya kiu, maana maji mengi anayapata kwenye nyama yenyewe. Juu ya kijito miti imeachana. Mteremko nao unamsaidia: anatokea ng'ambo ya bonde, anashuka, na mwishoni anajiinua kidogo tu na kutua kwenye ukingo wa kiota. Juu yake kuna paa la majani, mbele yake kuna njia. Ukitaka kujua kwa nini alichagua mti fulani, usisimame chini yake ukatazama juu. Nenda kasimame upande anakotokea, utazame kama yeye anavyotazama.

Kipanga mkubwa wa misitu ya Ulaya na Marekani Kaskazini anaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Kiota chake anakiegemeza kwenye shina, sehemu ya chini ya matawi yenye majani. Juu majani yamefungana, chini hakuna vichaka. Ukiingia mahali alipochagua unahisi umeingia ukumbi wa nguzo, hata sauti ya mguu wako inabadilika. Na hali ya hewa inamgeuza: kusini-magharibi mwa Marekani, kwenye joto, mara nyingi anapenda mteremko unaotazama kaskazini kwa sababu una ubaridi. Huko Alaska viota vinaelekea mteremko wa kusini, jua linakopiga.

Usije ukanielewa vibaya kwamba mti mrefu haufai kamwe. Harpi, tai mkubwa wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, anafanya kile ambacho wewe ungefanya: anachukua mti uliochomoza juu ya wenzake, msufi mara nyingi, au ule mti mkubwa unaozaa njugu za Brazili. Lakini tazama anajenga wapi kwenye mti huo. Si kileleni. Anajenga kwenye panda kuu, ambako matawi ya msufi ni manene kama miti mingine. Na kwa kuwa kichwa cha mti hakigusani na majirani, mnyama wa kupanda hana daraja la kuvukia. Kwa hiyo urefu peke yake haukuambii kitu.

Kuhusu vipanga wako wadogo: wao wanachagua kijisitu, mti ni jambo la baadaye. Ian Newton, mtafiti wa ndege, alimfuatilia kipanga mdogo wa Ulaya kusini mwa Scotland kuanzia miaka ya 1970, na ndege yule alikuwa akijenga kiota kipya kila mwaka lakini palepale, ndani ya kundi lilelile la miti, hata ungeingia ungeona viota vya miaka iliyopita vimetapakaa juu kama kofia zilizosahauliwa. Alipenda misonobari michanga iliyopandwa, iliyopishana mita mbili hadi nne: imebanana kiasi cha kumficha, imeachana kiasi cha kupitisha bawa. Miti ilipokua na kupunguzwa hadi pakawa peupe, ndege waliondoka. Kiota cha kipanga mdogo ni kazi ya wiki chache, ni chepesi, na cha zamani kimejaa viroboto na utitiri. Kwa tai mwenye taji kujenga upya kunaweza kuchukua miezi mitano. Hapo unaona kwa nini mmoja anahama na mwingine anakarabati.

Sasa nikuambie kosa letu, kwa sababu bila hilo utaniamini kupita kiasi.

Msimu mmoja tulipima viota vingi vya vipanga, kisha tukapima na miti isiyo na viota iliyochaguliwa kwa kura, tukalinganisha. Njia nzuri, bado ninaiheshimu. Jibu likatoka tamu: ndege hawa wanapenda kujenga karibu na njia za kupita, chini ya mita mia. Tukafurahi, tukaanza kutunga sababu. Njia ni uchochoro! Njia ina panya! Jioni moja kijana aliyekuwa akinibebea kamba akauliza kwa upole, "Kwani viota hivi tulivitafutia wapi?" Tulivitafuta tukitembea njiani. Hakuna aliyejibu. Mimi nilijifanya nakunja kamba.

Tangu siku ile nikisikia "ndege hupenda hivi" nauliza kwanza aliyesema alikuwa amesimama wapi. Na nikaongeza jingine juu yake: viota tunavyopima ni vile ambavyo havijaanguka. Huenda ndege alijaribu miti saba, sita ikamwangusha, sisi tukapima wa saba na kusema ana akili ya ajabu. Tena kwa ndege kama tai wako, aliyepo leo huenda hakuchagua chochote. Mmoja wa jozi akifa, mgeni anaingia, anakikuta kiota, anaongeza kijiti. Huko Greenland, kwenye majabali na si msituni, wamepima umri wa mabaki kwenye sehemu wanapotagia kozi wakubwa wa barafuni, na sehemu moja ilikuwa ikitumika tangu miaka 2,500 hivi iliyopita. Aliyechagua pale hakuna anayemjua.

Kwa hiyo ukiuliza "tai anaangalia nini", mimi nakuuliza, tai yupi?

Nyayo Mbichi

Shikamoo Mzee. Nimesoma mara mbili na kalamu mkononi. Hilo la kusimama upande anakotokea sikuwahi kulifikiria, siku zote nasimama chini yake shingo ikiuma.

Mawili ya nyongeza. Wiki iliyopita nilimwona mmoja wao akileta tawi lenye majani mabichi kabisa, akaliweka katikati ya kiota, akalikanyagakanyaga. Ni mapambo, godoro au nini? La pili: hujasema kitu kuhusu maadui na majirani. Au hawa hawana adui?

Darubini Pweke

Nidandie hapo, maana hapa ndipo ninapopapenda.

Majani mabichi kwanza. Ndege mbuai wengi wanafanya hivyo, na wanasayansi hawajakubaliana kwa sababu moja. Wapo wanaosema ni dawa, kwamba baadhi ya majani yana harufu inayofukuza utitiri na mabuu ya nzi wanaonyonya damu ya makinda. Wapo wanaosema ni usafi, kufunika mabaki ya nyama. Wapo wanaosema ni bendera: kiota kina wenyewe, pita mbali. Mimi naegemea bendera, angalau kwa sehemu, kwa sababu ya mwewe weusi wa Doñana, Hispania. Hao hawaweki majani tu, wanaweka plastiki nyeupe. Utafiti uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba wenye plastiki nyingi ni wale wenye nguvu, walio katika umri mzuri na wenye maeneo bora, na wengine wanawaogopa. Wachanga sana na wazee sana walikuwa nayo kidogo au hawakuwa nayo kabisa. Kilichonifurahisha ni hiki: watafiti walipowaongezea plastiki, wanyonge waliitoa! Hawakutaka kujisifia kitu ambacho wasingeweza kukitetea.

Sasa majirani. Hapa Mzee wa Kamba, kwa heshima zote, umempunja ndege. Umemfanya mrithi anayeongeza kijiti tu. Nenda Rasi ya Cape, Afrika Kusini, ukamwone kipanga mweusi. Ndege huyu anajenga kwenye mikaratusi na misonobari iliyopandwa na watu, na tatizo lake kubwa si chui wala nyoka, ni bata bukini wa Misri. Kipanga anamaliza kiota, bata anapanda, anakalia, hatoki. Ndege anayeua njiwa angani ananyang'anywa nyumba na bata! Anachofanya sasa ni kujenga viota zaidi ya kimoja kwenye eneo lake, kimoja kikiporwa anahamia cha pili. Huyo anachagua, tena anachagua akijua jirani yake ni nani.

Na bundi. Bundi wakubwa wenye pembe za manyoya huko Marekani Kaskazini hawajengi kabisa. Wanaanza kutaga mapema, baridi haijaisha, na wanatafuta kiota cha shakivale au kipanga. Mwenyewe akija kukarabati anakuta macho mawili ya njano yanamtazama. Kwa hiyo kuwa na kiota cha akiba si anasa.

Kuna na upande wa pili, ndege anayemchagua mbuai kuwa jirani. Kwenye milima ya Chiricahua, Arizona, ndege wavumaji, wale wadogo wanaonyonya maua wakiwa hewani, wanarundika viota vyao chini na kandokando ya viota vya vipanga. Kipanga hahangaiki na windo dogo kama lile. Lakini ndege wezi wa mayai, jamaa za kunguru, wanamwogopa kipanga kwa kuwa anawarukia kutoka juu, hivyo karibu na kiota chake hawathubutu kutafuta chakula chini ya usawa wa kiota. Panabaki eneo salama lenye umbo la pia, ncha yake ikiwa kiota. Wavumaji wanataga ndani ya pia hiyo. Kiota cha kipanga kikishindwa mwaka ule, wezi wanarudi na mayai yanaliwa.

Nyayo Mbichi, chunguza viota vidogo kuzunguka vipanga wako. Nina hamu kujua utaona nini.

Kanyaga Twende

Bata ananyang'anya kipanga nyumba?? Haya, nimekaa chini. Endeleeni.

Mzee wa Kamba

Darubini Pweke, nimekubali, na la bata nilikuwa sijalisikia. Nakuachia bendera lakini siachi dawa. Nimeingiza mkono kwenye viota vingi, na pale penye tabaka nene la majani mabichi mkono ulitoka na wadudu wachache. Huo si utafiti, ni mkono wangu tu.

Niongeze moja ambalo watu wenye misumeno hawalipendi. Ndege akishachagua mti, alichochagua si mti huo peke yake. Ukiubakiza mti wenye kiota ukakata vilivyouzunguka, umebakiza kiti umebomoa nyumba. Paa limeondoka, jua linaingia, kiota kinaonekana na kila mwenye njaa. Mwongozo uliotolewa mwaka 1992 kwa kipanga mkubwa wa kusini-magharibi mwa Marekani ulilisema hili kwa hesabu: eneo la kiota lenyewe hekta 12 hivi, kulizunguka hekta 170 hivi za makinda waliotoka kujifunza kuruka na kuwinda, kisha hekta 2,200 hivi za wazazi kuwinda. Tena haukutaka eneo moja la kiota bali matatu yaliyo tayari, na mengine matatu yanayokua kuja kuyarithi, kwa sababu miti inazeeka na kipanga yule anazunguka kati ya viota vyake. Napenda mwongozo unaokumbuka miti ambayo bado ni miche.

Tai wako mahitaji yake ni mengine lakini hesabu ni ya aina hiyohiyo. Kinda wa tai mwenye taji akishatoka kiotani bado anarudi kulishwa miezi tisa, kumi, hata kumi na moja. Ndiyo maana jozi ikifanikiwa inazaa mara moja tu kwa miaka miwili. Muda wote huo mti ule ni meza ya chakula. Anauchagua kwa zaidi ya mwaka mzima, si kwa wiki saba za kuatamia.

Na wewe kijana, nakuomba. Wakiwa na yai au kinda mchanga usisogee. Nina kovu begani, niliachiwa na jike mmoja aliyeniona nimekaa kwenye kamba nikiandika namba. Sikumsikia, hao hawapigi kelele wakishaamua. Lakini bega langu si kitu. Ukimwinua mama kwenye yai asubuhi yenye baridi, hasara yake ni miaka miwili.

Nyayo Mbichi

Wakuu, nimerudi. Nimekaa mbali, Mzee, ng'ambo ya kijito, zaidi ya mita mia mbili, nimejibanza kwenye mizizi.

Kwanza uchochoro upo! Nimeshangaa sikuwahi kuuona. Ukisimama upande ule, kati ya matawi kuna nafasi kama dirisha lililoinama, kiota kiko mwisho wake. Saa nne kasoro dume alikuja na kitu kinachoning'inia mkia, akapita katikati ya dirisha bila kugusa jani. Kutoka chini ya mti nilikuwa naona majani matupu.

Panda ya mti ule ni vidole vinne. Cha tano kilishavunjika zamani.

Sasa jitu. Nimelizunguka lote. Shina linapanda tupu hadi juu sana, na panda pekee inayoonekana ni ya vidole viwili. Halafu upande wa juu wa mteremko limefungwa na mitambaazi minene ya msituni, inatoka kwenye matawi yake hadi miti mitatu ya jirani. Nikiwa pale kima wawili wamevuka juu yake kama barabarani. Kwa hiyo lile daraja alilolisema Mzee, lipo.

Lakini si hilo lililonirudisha mbio kuandika. Upande wa chini wa jitu, kwenye mizizi, kuna kichuguu kilichoota madole ya jimbi. Nilikipita mara nyingi nikidhani ni mchwa. Safari hii nilikanyaga kikavunjika. Ndani ni vijiti. Vimeoza, vimekuwa kama mboji, lakini ni vijiti, vimelazwa.

Mzee wa Kamba

Polepole. Matawi makavu huanguka chini ya kila mti mkubwa. Niambie: vijiti vina unene gani, vinafanana au vimechanganyika? Na kati yake kuna nini?

Nyayo Mbichi

Vinafanana. Vingi unene wa kidole gumba, vingine kidogo zaidi, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko au kupita. Hakuna hata kimoja kinene kama tawi la kweli. Vimekaa tabaka juu ya tabaka, kati yake udongo mweusi mwororo. Na mifupa. Kuna taya dogo lenye meno, nadhani la tumbili, na mifupa miwili mirefu miembamba. Nimeviacha vilivyo.

Darubini Pweke

Mzee!!!

Mzee wa Kamba

Nimeona, nimeona. Umefanya vizuri kuviacha. Sasa simama juu ya hicho kichuguu, utazame wima na darubini. Unatafuta kovu kwenye shina, mahali ambapo tawi lilikuwapo.

Nyayo Mbichi

Nilishatazama kabla sijaondoka, sikujua tu natazama nini. Juu ya kichuguu kabisa, chini kidogo ya ile panda ya vidole viwili, kuna duara kubwa, limevimba kingo, gome limelizunguka hadi karibu kuliziba. Katikati limebaki tundu jeusi. Nyuki wanaingia na kutoka.